Sura ya Tano: Mizani ya Rangi

Chukua leso ya kisutu, ile ya asili yenye wekundu, weusi na weupe, ambayo bi harusi wa Mwambao hakosi kuwa nayo. Itandaze mezani karibu na dirisha, uipige picha, kisha uifungue picha hiyo kwenye kompyuta. Sasa tazama mara mbili: leso iliyo mezani, halafu leso iliyo kwenye kioo. Kioo kikiwa kinasema kweli, wekundu ni ule ule, na ukisogea karibu unaona hata nyuzi za pamba. Kioo kikiwa kinasema uongo, leso imepauka kama chungwa lililolala juani, au inawaka kama taa ya breki ya matatu, na pindo lote limekuwa bapa moja la rangi lisilo na kina.

Tofauti hiyo niliijua kwa gharama. Miaka yangu ya mwanzo nilihariri kwa laptopu ya bei nafuu, na harusi moja ya Kibokoni, hapa Mombasa, ikanifunza. Kwenye kioo changu bi harusi alionekana amefifia, na leso imefifia, basi nikaongeza wekundu. Nikaongeza tena. Albamu ilipotoka kuchapishwa, mikono yake yenye hina ilikuwa kama iliyoungua, na uso wa mamake umeiva kama wa mwenye homa. Yule mama aliifunga albamu taratibu, akaniuliza, "Mwanangu, ndivyo ulivyotuona?" Sikuwa na la kumjibu. Kamera haikukosea, wala mchapishaji hakukosea. Kioo kilinidanganya mimi, nami nikamdanganya mama wa watu.

Pale Marikiti muuza bizari hupima kwa mizani. Mizani ikiwa na kasoro, hata awe mwaminifu kiasi gani, atamdhulumu mnunuzi au atajidhulumu mwenyewe, na asijue. Kioo cha kompyuta, au monita kama wengi wetu tunavyoiita, ndiyo mizani ya mhariri wa picha. Ukiongeza mwanga hapa, ukipunguza ubuluu pale, kila uamuzi unaufanya kwa kutazama kioo. Kamera ya malaki ya shilingi na lenzi yake vyote vinakuja kuhukumiwa hapo. Hata hivyo nimeingia studio nyingi kisiwani humu nikakuta kamera mpya mezani na kioo cha zamani kilichotolewa ofisini kwa mtu. Nataka msomaji wangu anunue kwa mpango mwingine: akiwa na fedha za kitu kimoja tu mwaka huu, na kamera yake bado inafanya kazi, anunue kioo.

Mkasi na karatasi

Uhariri wa picha haukuja na kompyuta. Kule Lamu, Omar Said Bakor, mwenye Studio ya Bakor iliyojulikana tangu miaka ya 1960, alikata picha kwa mkasi, akazipanga na kuzipiga upya, akapata michanganyiko ambayo leo tungesema imetoka kwenye Photoshop. Hapa Mombasa, Studio ya Parekh ilikuwa ikipanga taa na mapazia tangu miaka ya 1940, na familia nyingi za mjini bado zina picha zake za weusi na weupe ndani ya sanduku au ukutani. Miaka ya 1990 wapiga picha wa Likoni waliweka vibanda karibu na feri, na mapazia yaliyochorwa, ili msafiri apate ukumbusho wake.

Wote hao walikuwa na jambo ambalo sisi hatuna. Karatasi waliyoishika mkononi, ikingali na harufu ya dawa, ndiyo ile ile aliyopewa mteja. Alichokiona fundi ndicho alichokiona mwenye picha. Sisi tumeweka kioo katikati. Picha inahaririwa kwenye kioo changu, inatazamwa kwenye simu ya bi harusi, inatumwa kwa dada yake aliyeko Muscat, halafu inachapishwa kwenye albamu. Siwezi kuvitawala vioo vya watu wote. Ninachoweza ni kuhakikisha changu kimesimama katikati, kwenye kipimo kinachojulikana, ili kasoro ya simu ya kila mmoja isijumlishwe na kasoro yangu.

Kilicho ndani ya kioo

Kwanza ujue jamii ya paneli. TN ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo ya kukimbia. VA ina weusi mzito wa kupendeza ukikaa mbele yake sawasawa, lakini ukienda kando vivuli vinabadilika. IPS, ambayo kampuni ya Hitachi ya Japani ilianza kuiuza mwaka 1996, hushika rangi yake hata ukiitazama kwa pembeni. OLED ina weusi kamili kwa sababu kila pikseli hujizima yenyewe, ila bei yake iko juu, na alama zinazokaa mahali pamoja kwa saa nyingi, kama vile vitufe vya programu ya kuhariri, zinaweza kujichora humo zisitoke.

Mimi nasema IPS, na sababu yangu ni ya hapa hapa Mji wa Kale. Kwetu picha za harusi hazichaguliwi na mtu mmoja. Siku ya kuchagua huja bi harusi, mamake, shangazi, somo, na wadogo zake wawili, na wote wanataka kuona. Mmoja anakaa kitini, wawili wanasimama nyuma, mwingine amejibanza pembeni kwenye kabati. Kwenye paneli ya TN kila mmoja anaona picha yake. Shangazi aliye kushoto anasema uso umekuwa mweusi, aliyesimama nyuma anasema umekuwa mweupe mno, nawe uliyekaa katikati huoni wanachokiona. Nimewahi kupoteza alasiri nzima katika mjadala kama huo. Kwenye IPS wote wanatazama picha moja, na maneno yanabaki juu ya picha.

Baada ya paneli, wigo wa rangi. Hapa ndipo wauzaji wanapotumia maneno makubwa, kwa hivyo soma polepole. Mwaka 1996 kampuni za HP na Microsoft ziliweka kipimo kinachoitwa sRGB, na mpaka leo ndicho lugha ya kawaida ya picha za intaneti na za simu. Kioo chako lazima kifikie sRGB yote, asilimia 99 au 100. Chini ya hapo usinunue kwa kazi hii. Juu yake kuna Adobe RGB ya mwaka 1998, yenye kijani na samawati pana zaidi, na DCI-P3 iliyotoka kwenye sinema za kidijitali, yenye wekundu mpana zaidi. Mtu wa video atafaidika na kioo chenye P3 ya asilimia 95 hivi. Adobe RGB ni ya yule ambaye mchapishaji wake anaipokea na anajua kuitumia. Kama mchapishaji wako hajawahi kukuuliza habari hiyo, fedha zako zina kazi nyingine.

Angalia mtego mmoja. Kwenye karatasi za laptopu na vioo vya bei ya chini utakuta imeandikwa "45% NTSC". NTSC ni kipimo cha televisheni ya Marekani cha mwaka 1953. Asilimia 45 ya hicho ni kama theluthi mbili tu za sRGB, yaani theluthi nzima ya rangi haimo humo ndani, na wekundu wa kisutu ni miongoni mwa zilizokosekana. Ndicho kioo kilichonifanya niongeze wekundu mara mbili. Ukiona 72% NTSC, hapo umekaribia ukubwa wa sRGB, na unaweza kuanza mazungumzo.

Na kuna kosa la upande wa pili. Kioo chenye wigo mpana kisichokuwa na mpangilio wa sRGB ndani ya menyu yake kitazichukua picha za kawaida na kuzivuta zijaze wigo wote. Ndiyo ile leso inayowaka kama taa ya breki. Ukihariri hapo utapunguza rangi mpaka picha iwe maiti kwenye simu za watu. Kwa hivyo, kioo kikiwa kipana, uliza kama kina mpangilio wa sRGB, na mwambie muuzaji akufungulie menyu akuonyeshe.

Ngozi, buibui na kanzu

Kwa miongo mingi maabara za picha duniani zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke Mzungu. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine imehesabiwa iko sawa. Watu weusi wakatoka na meno na macho tu, na kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja kuonekana miaka ya 1990. Siku hizi mhariri aliye mbele ya kioo chake ndiye anayeamua ngozi ikae vipi. Kadi ya Shirley imekuwa mikononi mwetu, na jukumu lake pia.

Fikiria picha moja ya familia ya Mombasa. Bibi mzaa mama ni Mbajuni, babu ana asili ya Hadhramaut, mke wa mjomba ni Mdigo, jirani aliyekuja kusaidia ni Muhindi wa Makadara. Ngozi nne, kila moja na joto lake, ndani ya fremu moja. Kioo kinachoegemea ubuluu kitakufanya uongeze umanjano, na yule aliyekuwa mng'avu atakuwa na homa ya manjano. Kioo kinachoficha vivuli kitakufanya uongeze mwanga, na yule mweusi wa kupendeza atapaushwa kana kwamba amepakwa unga. Sikubali kumpausha mtu. Ngozi yake ni yake, na picha hiyo itakaa ukutani kwa wajukuu.

Kipimo cha kosa la rangi huitwa Delta E. Sifuri maana yake hakuna kosa. Chini ya 2, jicho la kawaida ni taabu kuona tofauti. Vioo vya kazi hii, kama vile ProArt za ASUS, UltraSharp za Dell, zile za BenQ za wapiga picha au ColorEdge za EIZO kwa mwenye uwezo mkubwa, hutangazwa kwa kipimo hicho, na vingi huja na karatasi ya kiwandani inayoonyesha kioo chako hasa kilipimwa kikapata ngapi. Itafute karatasi hiyo ndani ya boksi na uihifadhi pamoja na risiti.

Sasa njoo kwenye weusi na weupe, maana hapa Mwambao tunazivaa rangi mbili zilizo ngumu kuliko zote. Buibui ni nyeusi, lakini ndani ya weusi huo kuna nakshi za uzi mweusi, kuna mikunjo, kuna shanga. Kanzu ni nyeupe, lakini shingoni na kifuani ina tarizi ya uzi mweupe ambayo fundi aliishona kwa siku nyingi. Mhariri mwenye kioo kibaya huyameza yote mawili. Bwana harusi anakuwa shuka, na mamake anakuwa kivuli chenye uso. Na kwa kuwa hakuiona tarizi kwenye kioo, hajui hata kwamba ameifuta.

IPS za kawaida hutofautisha weupe na weusi kwa uwiano wa 1000 kwa 1, na VA hufika 3000 kwa 1 au zaidi. Tangu mwaka 2022 kuna IPS mpya ziitwazo IPS Black zinazofika 2000 kwa 1, na kwa kazi ya buibui na kumbi za usiku mimi naziona zinastahili nyongeza ya bei. Ila uwiano peke yake hautakuokoa kama kioo hakikusawazishwa. Nina picha moja ya majaribio: mwanamke aliyesimama na buibui yake mbele ya mlango wa mbao nzito, kivulini. Kioo kizuri kinanionyesha mshono wa bega. Kibaya kinanionyesha shimo.

Kuna pia habari ya biti. Kioo cha biti 8 kina ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi, jumla ya rangi milioni 16.7. Cha biti 10 kina zaidi ya bilioni moja. Vingi vya bei ya chini ni vya biti 6, vyenye ngazi 64, vinavyobahatisha ngazi za katikati kwa kupepesa haraka. Utaviona kwenye anga la magharibi pale Mama Ngina, lililotakiwa kushuka taratibu kutoka manjano kwenda zambarau, likashuka kwa mistari kama ngazi za nyumba. Biti 8 za kweli zinatosha kwa picha. Anayesahihisha rangi za video zilizopigwa kwa biti 10 ndiye atafute 10.

Ukubwa na pikseli sitavikalia sana. Inchi 24 zenye pikseli 1920 kwa 1080 zinafanya kazi. Inchi 27 zenye 2560 kwa 1440 ndizo ninazompendekezea mtu mwenye meza ya kawaida. Inchi 27 zenye 3840 kwa 2160 ni nzuri kwa video ya 4K, mradi kompyuta yako isichoke. Usinunue inchi 32 zenye 1920 kwa 1080. Pikseli zake zimetawanyika, na utadhani kila picha haikulengwa vizuri. Vioo vya michezo vinavyojivunia hezi 144 na 240 vinauza kasi, na picha ya harusi haikimbii. Lakini kwenye video jambo hili la hezi lina upande wake kwetu. Stima ya Kenya ni ya hezi 50, na taa nyingi za kumbi hupepesa mara mbili ya mwendo huo, kwa hivyo watu wa video hapa hupiga fremu 25 kwa sekunde ili mistari isitembee kwenye picha. Kioo cha hezi 60 hakigawanyiki kwa 25, na kamera inapopita polepole juu ya meza za wageni utaona mruko mdogo mdogo. Kabla ya kuilaumu kamera, ingia kwenye mipangilio ya kompyuta uone kama kioo kinakubali hezi 50. Vingi vinakubali.

Mwanga na karatasi

Lalamiko ninalolisikia kuliko yote kwa wapiga picha wenzangu ni hili: "Albamu imerudi giza." Wanamlaumu mchapishaji, wanahama, wanakwenda kwa mwingine, na giza linawafuata. Chanzo kiko mezani kwao. Vioo vipya hutoka kiwandani vikiwaka kandela 250 mpaka 350 kwa mita mraba, kwa sababu dukani kinachong'aa ndicho kinachovuta macho. Karatasi haina taa ndani yake. Inarudisha tu mwanga wa chumbani. Ukihariri kwenye kioo kinachowaka mara tatu ya karatasi, utaridhika na picha iliyo giza ukidhani iko sawa. Shusha mwanga mpaka kandela 100 au 120. Siku ya kwanza utaona kioo kimekufa. Siku ya tatu utashangaa ulikuwa ukivumilia vipi ule mwako.

Kwa kazi hiyo kuna kifaa kidogo cha kupima rangi, mfano wa Spyder ya Datacolor au vya Calibrite, kinachoning'inizwa mbele ya kioo na kusoma rangi moja moja, kisha programu yake inaandika masahihisho. Weka weupe kwenye kelvini 6500, gama 2.2, mwanga 120. Acha kioo kiwake nusu saa kabla ya kupima. Rudia kila mwezi, maana taa za ndani huzeeka na rangi huhama taratibu, na jicho linazoea bila kukuambia. Bei ya kifaa hiki inaweza kumlemea mtu mmoja. Ndiyo maana sisi wanne wa mtaa mmoja tulichanga, kikawa cha shirika. Kinazunguka kwa zamu kila Jumatatu, na hakijawahi kuleta ugomvi.

Zima kila kinachojidai kukusaidia: mwanga unaojirekebisha wenyewe, hali ya kubana umeme, na ule umanjano wa usiku ambao kompyuta huuleta ikifika magharibi. Nimemuona kijana amehariri harusi nzima baada ya isha bila kuuzima, na siku ya pili maharusi wote walikuwa wabuluu.

Chumba

Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa na watu waliolijua jua. Kuta nene za matumbawe, dari juu, madirisha yenye mbao za kuchuja mwanga, njia nyembamba ambazo jirani humtilia jirani kivuli. Ni vyumba vizuri mno kwa kazi yetu, vizuri kuliko ofisi za kuta za vioo, mradi usikosee upande. Nyumba zinazotazama Bandari ya Kale hupokea jua la asubuhi kutoka upande wa Nyali, na maji hulirudisha likacheza darini. Hapo usisahihishe rangi kabla ya adhuhuri, au funga dirisha. Usiketi dirisha likiwa mgongoni mwako, maana litajionyesha kwenye kioo. Wala lisiwe mbele yako, maana litakupofusha. Liwe ubavuni, na pazia zito.

Kisha kuta. Watu wetu hupenda chumba cha kijani kibichi, cha samawati, cha waridi. Rangi hiyo humwagikia machoni siku nzima, na jicho hujaribu kuifuta kwa kuongeza kinyume chake kwenye picha. Paka kijivu hafifu ukuta ulio nyuma ya kioo, huo mmoja tu ukitaka, na uweke balbu moja nyeupe ya kelvini 5000 au 6500. Mji wenyewe utakupima. Tangu mwaka 2018, serikali ya kaunti ilipoagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu, buluu hiyo imo katika karibu kila video ya mjini, na kila mtu wa Mombasa anaijua kwa sababu anapita mbele yake kila siku. Ikitoka zambarau kwenye kazi yako, wateja wataona kabla yako.

Kuna jambo la chumba ambalo vitabu vya wageni havilitaji. Picha za kupamba, sherehe ya wanawake peke yao, ni amana. Wanawake wamevua buibui wakiwa wenyewe kwa wenyewe, na wameniruhusu mimi na kamera yangu kwa sharti kwamba asiyehusika hataona. Kioo cha IPS kinachoonekana vizuri kutoka kila pembe kinaonekana pia na kijana anayeleta chai mlangoni. Kwa hivyo kioo changu kimeupa mlango mgongo, kompyuta hujifunga nikisimama, na siku za kuhariri kupamba hakiwaki mpaka mlango umefungwa. Ukifungua studio Ndia Kuu au Kuze na hujapanga hilo, hujawa tayari kupokea harusi.

Na usisahau stima. Hupotea, hurudi kwa kishindo, na kile kishindo ndicho kinachoua. Nunua UPS kabla kioo hakijatoka kwenye boksi. Upepo wa bahari una chumvi, basi usiweke kioo chini ya dirisha linaloshinda wazi, na ukifute kwa kitambaa laini kikavu. Dawa ya kusafishia vioo vya madirisha hula utando wa juu.

Dukani

Si kila mtu atanunua kipya, nami sioni aibu katika hilo. Vioo vilivyotumika, vile vinavyouzwa kwa jina la "Ex-UK", vinaweza kuwa na heri kubwa. UltraSharp ya zamani ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1200, iliyokaa ofisini miaka mitano, mara nyingi itakuwa na rangi bora kuliko kioo kipya cha TN cha bei hiyo hiyo. Lakini chunguza taa yake. Weka ukurasa mweupe mtupu, urudi nyuma hatua tatu. Pembe ikiwa na umanjano, au upande mmoja ukiwa na giza, kimechoka. Uliza kama kitarudishwa kikiharibika ndani ya wiki, na neno hilo liandikwe kwenye risiti.

Mimi naingia dukani na flashi yenye picha sita: weupe mtupu, weusi mtupu, kijivu kinachoshuka taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, mkono wenye hina, kanzu yenye tarizi, na mwanamke wa buibui kivulini. Naomba kioo kirudishwe kwenye mipangilio ya kiwandani, nashusha mwanga, kisha nafungua moja moja. Kwenye weusi na weupe natafuta pikseli zilizokufa. Kwenye kijivu natafuta mistari na vivuli vya rangi. Kwenye tarizi na bega la buibui nanyamaza, nasogea karibu. Halafu nainuka, nakwenda kushoto, nakwenda kulia, nachutama. Muuzaji akiona haya ni usumbufu, namshukuru na kwenda duka la pili.

Ya saba siiweki kwenye flashi. Ni picha ya leso ya kisutu iliyo kwenye simu yangu, na leso yenyewe imo mkobani, imekunjwa. Naifungua picha hiyo kwenye kioo, kisha naitoa leso naiweka kando yake, chini ya mwanga wa mlangoni. Fanya hivyo nawe kabla hujafungua M-Pesa. Nenda asubuhi, duka likiwa bado halijajaa, na usilipe mpaka nyekundu mbili zifanane.